Mkalimani anasema hajalipa

Nyie, nianze kwa kukanusha. Sijakimbia ukumbini. Sijalia. Na sidaiwi dola elfu kumi. Ile voisi ya dakika saba aliyotuma shoga yangu kuhusu semina ya kodi (anajijua, na akisoma hapa ajue yale masufuria yake mawili yako kwangu na hayarudi) ina chumvi kilo mbili. Imeshazunguka grupu la kwaya, grupu la kamati ya harusi, grupu la wasusi, mpaka mama yangu kanipigia kutoka nyumbani anaongea kwa kunong'ona kama kaficha mtoro uvunguni, "Mwanangu, serikali ya Marekani imekukamata?"

Haijanikamata mama. Ukweli ndio huu, na kusema kweli ukweli wenyewe unaaibisha kuliko hiyo voisi.

Kazi yangu mnaijua. Mkalimani, najiajiri, nalipwa kwa dakika, na hakuna anayenikata kodi. Hela inaingia nzima nzima unajiona tajiri, halafu mwaka ukiisha kampuni zinakutumia fomu ya 1099, ile inayoonyesha walichokulipa, na nakala inaenda serikalini, yaani wanakuchoma huku wanakusalimia. Kwa kuwa hakuna wa kukukata inabidi ujikate mwenyewe. Ukiona kodi itakayobaki mwisho wa mwaka inafika dola 1,000 au zaidi, IRS, yaani watoza kodi wa Marekani, hawataki kusubiri mpaka uje na fomu zako Aprili, wanataka ulipe makadirio kwa awamu nne. Mimi nilishawahi kupuuza nikafundishwa adabu kwa faini, kwa hiyo mwaka huu nikasema sirudii, nikachukua kodi yangu yote ya mwaka jana, dola 3,640, nikagawa kwa nne, ikaja 910. Ukilipa kiasi cha mwaka jana chote, na kwa tarehe zao, faini haikugusi hata kama mwaka huu umeingiza zaidi. (Wenye kipato cha kuzidi 150,000 wanatakiwa wafikishe asilimia 110 ya mwaka jana, lakini mtu huyo hasomi huu ujinga wangu, huyo ana mhasibu.)

Nikafungua akaunti ya pembeni nikaipa jina SIO YANGU. Herufi kubwa. Malipo yakiingia, robo inaenda SIO YANGU kabla sijaiona vizuri. Aprili 15 nikalipa 910 zangu, nikapiga skrinishoti, nikaficha namba, nikaweka status: "Wajibu umetimia. Tukutane Julai." Na emoji ya bendera juu. Watu wakanisifia mpaka nikavimba.

Hiyo Julai ikae kichwani.

Sasa sifa ndiyo iliyoniponza. Wakaandaa semina ya kodi pale ukumbi wa kanisa, Jumamosi Juni 20, kwa ajili ya waliojiajiri, wasusi, madereva wa apu, wanaosafisha nyumba za watu, na akapatikana dada mmoja Mmarekani mhasibu wa kujitolea, mpole, miwani, slaidi zimepangika. Anatakiwa mkalimani. Nani anajua mambo ya kodi? Macho yote kwangu. Nikakubali hata kabla hawajamaliza kuuliza, kiherehere kile kile cha siku zote.

Niwaeleze kidogo sheria za kazi yetu maana bila hizo hamtaelewa nilivyokufa. Mkalimani haongezi neno. Hapunguzi neno. Na anaongea kama yeye ndiye msemaji, daktari akisema "naumwa kichwa" na wewe unasema "naumwa kichwa", husemi "daktari anasema anaumwa". Ukitaka kusema neno lako mwenyewe, basi unajitaja kwa mbali kama vile huyo mtu hayupo: "mkalimani anaomba urudie", "mkalimani hajasikia vizuri". Hapo kila mtu anajua sasa hivi anaongea mkalimani.

Mwanzo nilikuwa moto. Dada akaeleza kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, ukumbi ukaguna. Akaeleza kwamba mtu aliyeajiriwa bosi wake anambebea nusu, ila ukijiajiri bosi ni wewe, kwa hiyo unabeba nusu yako na nusu ya bosi. Na hiyo bado kodi ya mapato yenyewe haijaja. Dereva mmoja nyuma akasema "basi mimi najifukuza kazi", nikamtafsiri na yeye, dada akacheka, mambo mazuri kabisa.

Akaja kwenye awamu. Akasema malipo ni ya kila robo mwaka. Nikatafsiri "kila robo mwaka", na hapo ndipo nilipotakiwa kufunga mdomo, lakini jamani mtu aliyewahi kupongezwa kwenye status hafungi mdomo, nikaongeza la kwangu: "yaani kila miezi mitatu, Aprili, Julai, Oktoba, Januari, andikeni."

Wakaandika. Pale mbele kabisa alikuwa Bibi, wengi mnamfahamu, mweka hazina wa kamati ya harusi, na yeye haandiki kwenye simu, ana daftari la mistari na kalamu imefungwa kamba. Akaandika taratibu, Ju-la-i.

Dada akabonyeza slaidi.

Aprili 15. Juni 15. Septemba 15. Januari 15.

Nikaanza kusoma kwa sauti kwa sababu ndiyo kazi niliyoitiwa. "Aprili 15," nikasema, sauti ya mwalimu mkuu. "Ju..." na macho yakaona herufi inayofuata, na hiyo herufi ilikuwa N. Nikaitafuta L. Nikasogea mpaka karibu na ukuta labda projekta ina vumbi. N ipo pale pale imetulia inaniangalia. "...ni," nikamalizia, kwa sauti ya mtu anayezama. Tarehe ya Juni ilishapita siku tano.

Dada akaeleza, na mimi nikamtafsiri huku jasho linatafuta njia mgongoni, kwamba awamu ya kwanza ni ya kipato cha miezi mitatu, ya pili ni ya miwili, Aprili na Mei tu, ya tatu mitatu, ya nne minne. Robo nne hizo! Tatu, mbili, tatu, nne! Jaribu kukata keki ya birthday hivyo uone watoto watakavyokufanya.

Halafu Bibi akanyoosha kalamu. "Mjukuu wangu, si umetuambia Julai?"

"Shikamoo Bibi, mkalimani alikosea, anaomba radhi, ni Juni." Hiyo bado ilikuwa aibu ndogo, ya kazini, ningeivumilia. Akakata Julai kwenye daftari, mstari mmoja mrefu ulionyooka, nikadhani yamekwisha. Kumbe bibi wa watu alikuwa anafikiri.

Hapa sasa ndipo shoga yangu kaparuza kwenye voisi, kasema "Bibi akamuumbua" basi. Hapana. Ngoja nieleze taratibu maana nimeirudia kichwani usiku nne mfululizo.

Bibi akavua miwani. Akaifuta kwa pembe ya khanga. Akaivaa. Akanigeukia kwa adabu zote, kwa sababu yeye anaheshimu kazi ya mtu, akasema: "Naomba umuulize huyo binti swali langu. Muulize hivi. Huyu mkalimani wetu, ya Juni ameshalipa? Maana mimi niliiona status yake kasema tukutane Julai. Na mwanzo wa mwezi huu kaniletea dola mia nne za harusi. Sasa nataka kujua, zile mia nne nilizopokea ni zake, au ni za serikali?"

Kimya. Feni tu.

Tuelewane kuhusu hizo mia nne. SIO YANGU ilikuwa na 1,140. Kwenye kikao cha harusi watu wanataja ahadi, huyu mia tatu, yule mia tano, mimi nikasimama nikasema mia sita, na nikapigiwa vigelegele. Mfukoni sina. Nikasema nitaikopa SIO YANGU nirudishe, Julai mbali. Nikachota mia nne za mwanzo. Kwa hiyo jibu la swali la Bibi, kisheria na kimaadili na kwa jina la akaunti yenyewe, lilikuwa linajulikana.

Sheria inasema nitafsiri kila neno. Miaka mingi nimetafsiri watu wakiambiwa habari nzito sijawahi kuchakachua hata koma. Siku ile nikamgeukia yule dada, nikatabasamu, nikasema kwa Kiingereza changu cha kazini: "Anauliza kama michango ya harusi inapunguza kodi."

Dada akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema hapana, kabisa, ukimpa mtu binafsi zawadi hiyo haikupunguzii kodi yako.

Na mimi, akili ishahama, nikageukia ukumbi nikatafsiri ile sehemu ya mwanzo tu, kwa uaminifu mkubwa: "Hapana. Kabisa."

Nyie. Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Bibi akashika kifua. "Kumbe mpaka na yeye anajua!"

Mtu nyuma, "Wana kompyuta hao, wanaona kila kitu!" Mwingine kaanza kukusanya pochi yake. Na mimi nimesimama katikati sielewi mbona wameshtuka hivyo, mpaka nikairudia mwenyewe kichwani, swali la Bibi, jibu nililotoa, nikaziweka pamoja, magoti yakalegea.

Labda ningejiokoa. Kuna namna ningesema "mkalimani anafafanua." Lakini pembeni ya Bibi kulikuwa na mjukuu wake, miaka tisa, kazaliwa huku huku, muda wote anacheza gemu, sikumhesabu kabisa kama binadamu. Akainua kichwa, hakuinua hata kidole, akamwambia yule dada kwa Kiingereza safi cha shuleni kwamba Bibi hakusema hivyo. Bibi ameuliza kama HUYU amelipa ya Juni. Na akaninyooshea dole gumba, la kuelekea upande wangu, bila kuacha gemu.

Wanaojua Kiingereza wakacheka kwanza. Wasiojua wakaanza kuulizana "kasemaje, kasemaje mtoto?" na nani wa kuwaambia? Mimi! Nimeitwa pale kwa kazi hiyo! Macho yote kwangu wanasubiri. Nikameza mate nikatafsiri: "Bibi hakusema hivyo. Ameuliza kama huyu amelipa ya Juni." Likaja wimbi la pili la kicheko, kubwa kuliko la kwanza, maana na wale wa kwanza wakaunga tena.

Dada mhasibu hakucheka, na ndicho kilichoniua. Akanitazama kwa upole kabisa akaniuliza, je, umelipa?

Nikajibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini kabisa. Na dereva yule yule wa nyuma akapaza sauti: "Tafsiri!"

Sasa mdomo wangu, ukiachwa bila akili, unafanya ulichozoea miaka yote. Nikasimama wima, mikono nyuma, nikasema kwa sauti ya kazini, ya wazi, ya kitaalamu:

"Mkalimani anasema hajalipa."

😭 Basi. Kuna mtu alianguka na kiti, sisemi nani, masufuria yake yako kwangu.

Yaliyobaki ni mafupi. Nilienda kunywa maji, na kunywa maji sio kukimbia. Dada akanikalisha baada ya semina akaniambia faini ya kuchelewa inahesabiwa kama riba, kwa siku na kwa kiasi kilichobaki, kwa hiyo kila dola utakayolipa leo inaacha kuzaa leo, nisisubiri mpaka nitimize. Nikalipa kwa simu hapo hapo kwa wifi ya kanisa, 740 zote zilizokuwemo, SIO YANGU ikabaki sifuri, na 170 nikamalizia juzi malipo yalipoingia. Akasema kwa siku chache vile faini ni pesa ndogo. Ameniambia pia kuna jimbo, jimbo letu nalo lina makadirio yake, lakini hiyo sitaki kuizungumzia leo.

Sasa hivi nikiingia popote ni "mkalimani anasema". Kwaya wananiita hivyo. Jana mteja simuni ameniuliza kama nipo nikajibu "mkalimani yupo" nikacheka peke yangu kama chizi, ikabidi niombe radhi.

Na usiku huu, nikiwa naandika hapa hapa, Bibi kapiga. Nikamwamkia, akaitika vizuri, akaniuliza habari za kazi, akanipongeza kwa kulipa serikali. Halafu nikasikia karatasi za daftari zinafunuliwa.

"Sasa, mjukuu wangu, mkalimani anasemaje kuhusu zile mia mbili za harusi zilizobaki?"

Nikamwambia mkalimani yuko kwenye simu nyingine.