Nakala ya gemu ya mawe: ifuate asili hadi kwenye kasoro zake?

Boulder Dash ilitoka 1984 kwa kompyuta za Atari, kazi ya Peter Liepa na Chris Gray, ikachapishwa na First Star Software. Unamwongoza Rockford achimbe udongo, aokote almasi za kutosha, kisha awahi mlangoni kabla muda haujaisha, mawe yakimporomokea njiani. Nakala zake, yaani gemu zilizoandikwa upya kwa kuiiga, ni tele. GDash ya Czirkos Zoltán haijulikani sana nje ya mashabiki, lakini ndiyo iliyolivalia njuga suala hili: nakala iige tabia zote za gemu ya asili, hata zinazoudhi?

Kijana wa Tudor au Likoni hapa Mombasa anayejifunza kuandika gemu kwa laptopu ya mtumba hulikuta suala hili mapema. Pango, yaani uwanja wa mchezo, katika gemu ya asili ni seli (viraba) 40 kwa 22, jumla 880, na hakuna mashine ya leo inayolemewa na hizo. Anaandika kanuni: chini ya jiwe pakiwa wazi, lishuke seli moja. Anaiwasha, na jiwe linatua sakafuni papo hapo, bila kuonekana likianguka. Sababu ni kwamba programu inakagua safu kutoka juu kwenda chini. Jiwe likishushwa, ukaguzi unalikuta tena kwenye safu inayofuata na kulishusha upya, hadi mwisho. Dawa ya gemu ya asili ni kulitia alama jiwe lililokwisha kusogezwa, na kufuta alama zote fremu (duru moja ya ukaguzi wa pango zima) inapokwisha.

Wengi huchukua njia ya mkato: wanakagua kutoka chini kwenda juu. Jiwe linashuka vizuri, seli moja kwa fremu, ila kitu kingine kimebadilika kimyakimya. Chukua mawe matatu yaliyopandana, kisha uchimbe udongo ulioyabeba. Ukikagua kutoka juu, la chini linaanza peke yake, kwa kuwa la pili lilikaguliwa wakati njia yake bado imezibwa. Hivyo la pili linafika kila seli fremu 2 nyuma ya la kwanza. Ukikagua kutoka chini, yanaanguka yameshikana, tofauti ya fremu 1. Pango lililotungwa kwa kuhesabu nafasi hiyo halichezeki tena kama lilivyokusudiwa, na mchezaji atadhani ni uzembe wake. Vivyo hivyo kwa mviringiko: jiwe lililokaa juu ya jiwe jingine hujaribu kwanza kushoto, kisha kulia. Geuza mpangilio huo na mtego uliotegwa upande mmoja utanasa upande mwingine.

Kuna pia bahati nasibu. Mapango ya asili hayakuhifadhiwa seli kwa seli. Sehemu kubwa ya mawe na almasi hutawanywa na fomula inayoanza na namba maalumu kwa kila kiwango cha ugumu, na viwango ni 5. Ukitumia fomula ya lugha yako ya programu badala ya ile ya zamani, namba ni ileile lakini pango ni jingine, pengine lenye almasi isiyofikika.

Mpaka hapo wanaotaka gemu ya asili ifuatwe wana haki. Lakini wanaopinga wana hoja nzito pia. Katika gemu ya asili, Rockford akisukuma jiwe, kila fremu ana nafasi 1 kati ya 8 ya kufanikiwa. Kwa kijiti cha kuchezea mtu hukandamiza tu mpaka jiwe liende. Kwenye simu, ambako vijana wengi wa hapa Mombasa huchezea, kidole kinagusa, jiwe halisogei, na mtu anaamini skrini imekufa. Hapo sioni cha kutetea. Amiba, kitu kinachokua na kuenea pangoni, nayo hugeuka mawe ikifikisha seli 200. Kiwango hicho kinaingia akilini kwenye seli 880, lakini ukichora pango mara nne ya hilo, amiba itageuka kabla haijatishia mtu.

GDash imejibu kwa kuzifanya tabia hizi mipangilio ya pango lenyewe: mtunzi huamua kikomo cha amiba au uwezekano wa kusukuma, na mapango ya zamani hubaki na tabia zao. Ni jibu zuri, nalo lina gharama. Kila swichi inazidisha michanganyiko ya kujaribu, na anayeanza atazama humo kabla hajamaliza pango moja.

(Jina ni suala tofauti. Kuiga kanuni za mchezo na kutumia jina au picha zake si jambo moja. Haki za Boulder Dash zilihamia BBG Entertainment ya Ujerumani 2018, kwa hiyo ita gemu yako jina lako.)

Kwa maoni yangu, mpangilio wa ukaguzi, mviringiko na fomula ya bahati nasibu visiguswe. Kusukuma kuwe kwa uhakika katika mapango mapya. Na kabla ya kubadilisha lolote, rekodi michezo iliyofika mlangoni: mwendo wa mchezaji kwa kila fremu pamoja na namba ya kuanzia, basi. Kila ukihariri msimbo, ziendeshe rekodi zote bila picha. Rockford akifia njiani mahali alipopita jana, angalia fremu ya kwanza ambapo seli zinatofautiana. Kosa liko kwenye kanuni iliyoigusa seli hiyo.