Bei ya kikapu cha Darién

Anayesikia kwamba kikapu cha kutosha kwenye viganja viwili huweza kuuzwa kwa mamia ya dola hudhani ametajiwa bei ya watalii. Nami nilidhani hivyo, kwa kuwa kwetu kikapu ni chombo cha kwendea sokoni, na kikichakaa hutupwa. Nilibadili mawazo nilipojua jinsi wanawake wa makabila ya asili ya Wounaan na Emberá, katika msitu wa Darién mashariki mwa Panama, wanavyovitengeneza.

Kwanza, vikapu hivyo havisukwi, bali hushonwa. Nyuzi zake hutoka kwenye chunga, mti wa jamii ya mnazi wenye shina lililojaa miiba mirefu myeusi, na kinachotakiwa ni kuti changa la kileleni ambalo bado halijafunguka. Kuti hilo huchanwa nyembamba, huoshwa na kuanikwa juani mpaka liwe jeupe, ndipo litiwe rangi: umanjano hupatikana kwa bizari, na wekundu kwa mzingefuri, uleule ambao watoto wa Unguja hujipaka midomoni kwa mchezo, na ambao asili yake ni huko huko Amerika. Kisha mshonaji huchukua kitita chembamba cha nahuala, mmea unaotoa pia majani ya zile kofia ziitwazo za Panama ingawa hutengenezwa Ecuador, akakizungusha duara juu ya duara, huku akikifunga kwa sindano mshono baada ya mshono, kwa kubana kiasi kwamba kikapu bora huweza kushika maji. Bawa la kipepeo lililo katika pambo likikosewa mshono mmoja, mdomo wa kikapu hautafikiwa kabla kosa halijaonekana. Kikapu kikubwa huchukua miezi, na vingine hupita mwaka.

Bibi yangu alikuwa akisuka ukili kila jioni, na wanunuzi walipokuja walipima mkeka kwa hatua za miguu, wakaanza kushusha bei. Sikumbuki aliyewahi kumuuliza jioni ngapi zimo ndani yake.

Wapo wasemao kwamba vikapu hivi si vya asili, kwa sababu picha za ndege na wanyama zilienea miaka ya 1980, wanunuzi wa nje walipoongezeka, na vya zamani vilikuwa vyombo vya nyumbani visivyo na mapambo mengi. Hoja hiyo hainisumbui. Mkono ni uleule.

Linalonisumbua ni mti. Kwa sababu ya miiba, njia nyepesi ya kulipata kuti ni kuuangusha mti wa chunga mzima. Katika Chocó, upande wa Kolombia, ambako Wounaan huuita werregue, wapo wanaotumia kisu chenye umbo la mwezi mwandamo kilichofungwa kwenye ufito mrefu, wakakata kuti na kuuacha mti wa chunga umesimama. Kazi hiyo inataka subira, na mshonaji aliyeshushiwa bei hulazimika kushona vikapu vingi zaidi, kwa makuti mengi zaidi, na kwa haraka.