Papa Aliyebariki Mgomo

Msimu wa mahafali umefika, na ile kauli imeanza tena kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, safari hii imebandikwa juu ya picha ya majoho: eti vyuo vikuu ni zawadi ya Kanisa kwa ulimwengu. Mimi ni Mkatoliki. Nimefundishwa na masista, nikafundishwa na mapadre, na sina ugomvi na Kanisa kujisifu. Kinachoniudhi ni hiyo "zawadi". Zawadi hupewa mtu aliyekaa ametulia. Vyuo hivi vilipatikana kwa vurugu.

Tuanze na chuo cha Bologna, Italia, ambako mwaka 1088 ndio unaotajwa kwa mazoea. Pale wanafunzi wa sheria waliungana wenyewe, wakawaajiri walimu, na mwalimu akichelewa kipindi wakamtoza faini. Hapakuwa na askofu wa kukata utepe.

Lakini Paris ndiyo hadithi ambayo ningependa kila mgeni rasmi aisome kabla hajapanda jukwaani. Mwaka 1229, siku za shamrashamra kabla ya Kwaresima, wanafunzi waligombana na mwenye kilabu kwa sababu ya bili ya mvinyo. Walipigwa, wakatupwa nje. Kesho yake wakarudi na marungu. (Naam, hao ndio waasisi wetu watukufu.) Malkia Blanche wa Castile, aliyekuwa akishika utawala kwa niaba ya mwanawe, akaruhusu walinzi wa mji wawaadhibu, na wanafunzi kadhaa wakauawa. Walimu walipodai haki hawakuipata, si kwa malkia, si kwa askofu wao. Wakafunga madarasa na kuondoka. Wengine walivuka bahari hadi Oxford, wengine wakaenda Toulouse, ambako chuo kipya kilikuwa kikiwaita kwa mikono miwili. Mgomo ule ulidumu takriban miaka 2.

Sasa sikilizeni Papa alifanya nini. Gregori IX, ambaye hakuna anayemkumbuka kwa upole, hakuwaambia warudi darasani kwanza ndipo wazungumze. Mwezi Aprili 1231 alitoa hati ya Parens scientiarum: mwanachuo akiuawa au akijeruhiwa vibaya, na haki isipotendeka ndani ya siku 15 baada ya onyo, walimu wana ruhusa ya kusimamisha masomo. Wakinyimwa haki ya kupangiwa bei za vyumba vya kupanga, wanaweza kusimamisha vilevile. Tena chansela wa kanisa kuu, ofisa aliyekuwa akitoa leseni za kufundisha, mtu wa askofu huyo, alikatazwa kuwa na gereza lake binafsi. Ukiona jambo linakatazwa kwa maandishi, ujue lilikuwa likifanyika.

Kwa hiyo hati ambayo wengi huiita katiba ya Chuo Kikuu cha Paris ina kifungu cha mgomo, na imetiwa muhuri wa Papa. Nionyesheni kanuni za wanafunzi za chuo Katoliki cha leo zenye kifungu cha namna hiyo. Niko hapa, nasubiri.

Haya, nakubali, shingo upande: bila Roma walimu wale wangemezwa na wafalme na maaskofu wa mahali. Chuo cha Leuven, Ubelgiji ya leo, kilipata hati yake kwa Papa Martino V mwaka 1425. Na Yohane Paulo II, aliyeandika Ex corde Ecclesiae, hati kuhusu vyuo vikuu Katoliki, mwaka 1990, alikuwa amefundisha chuo Katoliki cha Lublin, Poland, chini ya wakomunisti, kwa hiyo alikijua anachokisema kuhusu uhuru wa chuo. Ila mkono uleule uliolinda uliwahi kupiga pia. Mwaka 1277 askofu wa Paris alilaani hoja 219, na baadhi ziligusa mafundisho ya Thoma wa Akwino, aliyekuwa amefariki miaka 3 tu kabla. Mwaka 1323 Thoma akatangazwa mtakatifu. Leo sanamu yake iko mlangoni, na ile laana haitajwi. Kardinali Newman, mwandishi wa Kiingereza kuhusu maana ya chuo kikuu, naye ananukuliwa kila hotuba, lakini nani anasema kwamba alichoshwa na mivutano na maaskofu wa Ireland, akaacha ukuu wa chuo cha Dublin mwaka 1858?

Na msiniambie hayo ni ya Ulaya. Lovanium, chuo Katoliki cha Kongo na mtoto wa Leuven, ilianzishwa mwaka 1954 kwenye kilima nje ya Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wake waliandamana mjini wakidai posho ya kutosha na sauti katika uendeshaji wa chuo. Askari wakawamiminia risasi. Mwaka 1971 wenzao walipowakumbuka, Mobutu aliwaswaga jeshini kwa nguvu, na miezi michache baadaye akakichukua chuo kutoka mikononi mwa Kanisa. Madai yao walimu wa Paris wangeyaelewa bila mkalimani. Basi anayetaka kutuandikia historia ya vyuo vyetu aanze na waliopigwa risasi siku ile, awatafute majina yao, ndipo aje kwa maaskofu.