Mtwara kuchele (kumekucha), ila kisima bado gizani

Mkulima wa korosho Tandahimba anaijua bei ya mnada wa wiki hii hadi shilingi ya mwisho. Mwulize saruji ya kisima cha gesi cha Mnazi Bay imefika wapi, atakucheka. Na gesi yenyewe iligunduliwa 1982! Sisi tulio huku Midland, Texas, tukilinganisha na nyumbani, hatuhesabu mitambo. Tunatazama karatasi za kila kisima.

Huku kabla ya kuchoronga, kampuni inaomba kibali kwa tume ya jimbo, ambayo mpaka leo inaitwa Tume ya Reli (usiulize treni iko wapi). Kibali kinataja mahali, kina, na umbali kutoka mpaka wa eneo lililokodishwa; kanuni ya jumla ni futi 467. Kisipotumika ndani ya miaka 2, kimekufa. Kila kisima kina namba yake: inaanza na 42 ya Texas, halafu 329 kama kiko kaunti ya Midland. Yeyote mwenye simu anakitafuta.

Karatasi ya kusoma kwa makini ni ya saruji. Bomba la kwanza hushushwa hadi chini ya tabaka la maji baridi (yasiyo ya chumvi). Saruji husukumwa ndani ya bomba, ikatokea chini, ikapanda kwa nje, kati ya chuma na ukuta wa shimo, mpaka ionekane juu. Ripoti inaandika mifuko mingapi, ya aina gani, imepanda hadi wapi. Bomba likiegemea upande mmoja, au tope la kuchorongea lisipoondolewa vizuri, saruji hufuata upande wenye nafasi na upande mwembamba hubaki na mfereji wa tope. Gesi haihitaji zaidi ya hapo ili kupenya. Utaijua kwa geji (kipimo cha presha) ya nafasi iliyo kati ya bomba hilo na lile la ndani yake, pale juu: unafungua valvu, presha inashuka, unafunga, kesho imepanda tena.

Msidhani huku ni peponi. Mwenye shamba anaweza asiwe na haki ya mafuta yaliyo chini yake, mtambo ukaingia na mrabaha ukaenda kwa mwingine. Visima vilivyotelekezwa navyo ni maelfu. Kwetu Tanzania, Sheria ya Petroli ya 2015 imeiweka petroli yote (mafuta ghafi na gesi asilia) mikononi mwa taifa, kwa hiyo karatasi hizo zinatuhusu wote.

Mwaka 2013 tuligombana juu ya bomba la kupeleka gesi Dar. Sasa mjadala ni ushuru wa huduma, ule ambao kampuni hulipa halmashauri. Sawa, ila Msimbati na Ntorya, kwenye visima vya gesi, kuna la kuuliza kabla ya fedha, na PURA, mamlaka inayodhibiti uchimbaji wa mafuta na gesi, ndio wa kuulizwa: bomba la kwanza limeshuka mita ngapi, saruji ilionekana juu au la, na geji ya kati ilisomwa lini mara ya mwisho? Majibu yabandikwe ofisi ya mtendaji wa kijiji, kwa Kiswahili, pale pale panapobandikwa bei ya korosho.