Sifa Huishia Mapokezi

Hoteli nyingi zina ile picha ukutani: mfanyakazi bora wa mwezi. Zipange picha za mwaka mzima uone. Wengi ni watu wa mapokezi na wahudumu wa mezani. Muosha vyombo hayupo, na msafisha vyumba hujitokeza mara mojamoja, pengine mwezi ambao meneja kaona aibu.

Sababu haijifichi. Tuzo nyingi hufuata maoni ya wageni, na mgeni humsifu aliyemwona. Shuka zikiwa safi hakuna anayezitaja. Zikiwa chafu, malalamiko yanaandikwa palepale. Kwa hiyo watu wenye kazi ngumu kuliko wote husikia majina yao siku ya lawama tu, halafu uongozi unashangaa vyumba vinachelewa na watu wanaacha kazi. Tija ya hoteli iko huko nyuma. Mapokezi hata akitabasamu vipi, hana cha kumpa mgeni kama chumba hakijasafishwa.

Wamiliki hupenda kumnukuu mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg, ambaye na wenzake mwaka 1959 walieleza kwamba mshahara mzuri huondoa manung'uniko lakini ari hasa hutokana na mafanikio, wajibu na kutambuliwa. Wanaishika nusu moja tu. Manung'uniko yasipoondoka kwanza, cheti ni karatasi, na mtu aliyecheleweshewa malipo ya saa za ziada anakichukulia kama dhihaka. Mimi ningemwelewa.

Tipu nazo zina upendeleo uleule. Danny Meyer, mwenye migahawa New York, alianza kuziondoa mwaka 2015, akilalamikia pengo kati ya kipato cha wahudumu na cha wapishi. Mwaka 2020 alizirudisha. Uingereza imepita njia nyingine: tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi tipu zote na azigawe kwa haki. Naiona njia hii ina akili zaidi, kwa sababu inalazimisha swali la nani alichangia.

Kuna namna nyingine ya kutambua mtu ambayo haina sherehe: kumwamini. Kampuni ya hoteli za kifahari ya Ritz-Carlton inajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi kutumia hadi dola 2,000 kumtatulia mgeni shida bila kuomba ruhusa. Si lazima kiasi kiwe hicho. Msafisha vyumba anayeruhusiwa kuamua mwenyewe kwamba godoro hili libadilishwe leo ameshaambiwa kwamba jicho lake linathaminiwa.

Ningekuwa na sauti, ningeanza na tuzo ya zamu nzima, dobi na jikoni wakiwemo, ikipimwa kwa ukaguzi wa vyumba na muda wa kuviandaa, maoni ya wageni yakiwa sehemu tu ya hesabu. Na itangazwe mwisho wa zamu, kabla watu wa usafi hawajaondoka, maana sherehe nyingi hufanyika wao wakiwa wameshapanda basi.