Silikanti mwacheni huko huko chini

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp mtu katuma video ya lile tangi la Dubai Mall: lita milioni 10 za maji, papa na taa wanajipitia mbele ya watu waliokwenda kununua viatu. Chini yake kaandika, "Na sisi tujengewe hili hapa Tanga, pale Raskazone, tumweke silikanti, watalii watajaa." Makofi na mioyo mpaka simu ikapata moto.

Tangi ni zuri, haya, nakubali. Lakini silikanti?

Samaki huyu wataalamu walishamzika, wakasema kaondoka na madinosaria, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu Tanga alianza kunasa kwenye majarife mwaka 2004, mmoja baada ya mwingine, na 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Makazi yake ni mapangoni, mita mia na zaidi kwenda chini, gizani, kwenye maji ya baridi. Ukimpandisha kwenye maji yetu ya vuguvugu yenye hewa haba, matamvua yake yanashindwa, anakufa. Kule Manado, Indonesia, mwaka 2007 alivuliwa mmoja akiwa hai, wakajaribu kumtunza. Saa 17, kwisha habari. Sasa mtalii akate tiketi ya ndege aje Tanga kutazama maiti? Na umeme wa kupoza maji hayo, wenyewe mnaujua. Tunajisifia "waja leo waondoka leo". Kwa silikanti, waja leo ni sisi.

Mimi nataka tangi la pweza. Msicheke! Mtoto wa Tanga anamjua pweza wa supu, basi. Wanaomjua hasa ni wale kina mama wanaoshuka mwambani bamvua likipwa. Hawamtafuti pweza, wanatafuta taka zake: vigamba vya kaa vilivyolundikana mdomoni mwa tundu. Mwenyewe yumo ndani, kajifanya jiwe, ngozi imemsimama vipele kama mwani, jicho tu ndilo linalokufuata. Mguse uone: anageuka mwekundu, anapauka, anarusha wino. Mioyo mitatu anayo yule! Mtoto aliyezaliwa Ngamiani asiyaone hayo mpaka aoneshwe Dubai kwenye simu?



Kwa hiyo tangi dogo, maji yavutwe hapo hapo baharini, changu, tasi, kaa na pweza, na mtoto wa shule asilipe zaidi ya bei ya chapati mbili. Mfuniko tu uwe mzito. Mwaka 2016 kule Napier, Nyuzilandi, pweza aitwaye Inky alitoka tangini usiku, akajiburuza sakafuni, akaingia bomba la kwenda baharini, asionekane tena. Wa Raskazone wala hatahangaika na bomba, atavuka barabara.