Nani Anabadilisha Chaneli?

Mtu akihamia ughaibuni huambiwa atakumbuka mengi ya nyumbani. Hakuna aliyenionya kwamba kitakachonikosesha raha ni tamthilia ya saa tatu usiku, ambayo nilipokuwa nyumbani nilikuwa naiangalia kwa jicho moja huku nikiwacheka wanaoilia. Nimefika huku, ndipo nikang'amua kwamba niliondoka kabla sijajua kama yule binti ataolewa na mwizi au na ndugu wa huyo mwizi, na swali hilo likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nikaanza pale anapoanzia kila mtu, kwenye tovuti ya kituo chenyewe. Ukurasa ukafunguka vizuri. Matangazo ya biashara yakacheza mwanzo mpaka mwisho bila kuganda hata sekunde moja. Kipindi kilipotaka kuanza, yakatokea maandishi: kipindi hiki hakipatikani katika nchi uliyopo. Yaani tangazo la sabuni lina ruhusa ya kuzunguka dunia nzima, tamthilia ndiyo haina pasipoti. Kumbe haki za kurusha vipindi na mpira huuzwa nchi kwa nchi, na kituo kilicholipia haki za kwenu hakina ruhusa ya kukurushia wewe uliyehama. Kompyuta yako hutambulika kwa anwani yake ya intaneti, anwani ikishasema uko wapi, mlango unafungwa.

Wenzangu wakanishauri nitumie VPN, ile programu inayokufanya uonekane uko nchi nyingine. Nikaiweka. Kituo kikaigundua siku hiyo hiyo na kukataa. Benki yangu nayo, ilipoona nalipa nauli asubuhi nikiwa huku na mchana naingia kwenye akaunti nikiwa bara lingine, ikashtuka na kuifunga kadi. Tamthilia sikuiona na nauli ya kurudi nyumbani nikakopa.

Kuna mwenzetu mmoja aliyeapa kwamba dawa ni dishi. Tulipanda nalo juu ya paa kwa matumaini makubwa. Sasa, setilaiti za runinga hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, zikizunguka sambamba na dunia ili zionekane zimesimama mahali pamoja, na ile ya nyumbani imesimama upande wa kwetu. Fundi akapima kwa simu yake, akapima tena, kisha akatuonyesha uelekeo. Kidole chake kilikuwa kimeelekea chini, kwenye sakafu ya paa. Dunia nzima ilikuwa katikati. Mwenzetu akauliza kama tukilichimbia litashika.

Ndipo mdogo wangu akaja na kidude.

Vidude hivi vina historia yake. Kilichovipa umaarufu ni Slingbox, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2005 na kuendelea mpaka seva zake zilipozimwa Novemba 2022. Changu kilikuwa cha aina nyingine ila kazi ni ile ile: unakiweka nyumbani, unakiunganisha na king'amuzi na intaneti, na picha inayotoka kwenye king'amuzi unaiona popote ulipo, kwenye simu au kompyuta. Raha zaidi, una rimoti yako kwenye kioo cha simu. Ukibonyeza, amri inasafiri mpaka sebuleni kwenu, inapita kwenye waya mwembamba wenye kitaa kidogo mwishoni, na kitaa hicho, kilichobandikwa kwa gundi mbele ya jicho la king'amuzi, kinamulika mwanga usioonekana kwa macho, ule ule unaotoka kwenye rimoti ya kawaida. King'amuzi hakijui kama rimoti imeshikwa na mtu aliyekaa kwenye kochi au aliyevuka bahari.

Mdogo wangu alikifunga vizuri, akaficha nyaya nyuma ya meza, akamwambia mama, "Hiki cha kaka, usikiguse." Mama akasema sawa. Mama hulala saa mbili na nusu, kwa hiyo kuanzia hapo tivii ilikuwa yangu peke yangu. Saa tatu usiku ya kwao ni saa saba mchana kwangu, wakati wa mapumziko ya kazi. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi za dharura na simu yangu, naangalia mwizi anavyotongoza. Maisha yakanyooka. Mdogo wangu akaenda zake chuoni.

Kisha mjomba akaja kutibiwa goti.

Mimi sikuambiwa. Kwa nini niambiwe? Ni mjomba, amekuja kwa dada yake, goti linamuuma, kwenye kochi ndiko anakoshinda na kwenye kochi ndiko anakolala. Na mjomba ni mtu wa mpira. Si lazima uwe mpira wa maana; hata timu mbili asizozijua, zikivaa jezi tofauti, kwake inatosha.

Siku ya kwanza nafungua, nakuta mpira. Nikabonyeza 114. Picha huchelewa kufika, kwa hiyo unabonyeza na kusubiri kama sekunde kumi kabla hujaona matokeo. Tamthilia ikaja. Haijakaa sawa, ukarudi mpira. Nikabonyeza tena. Ikaja, ikaondoka. Nikasema kidude kimeanza kuharibika.

Sebuleni nako mjomba alikuwa anasema rimoti imeanza kuharibika. Akaipiga kofi, akazungusha betri, akaipangusa na shuka.

Tuliendelea hivyo kwa siku kadhaa, kila mmoja akiamini anapambana na mashine. Siku moja nikaona kitu cha ajabu. Kwenye kona ya kioo, pale zinapojitokeza namba unazobonyeza, ilitokea 2 ambayo mimi sikuibonyeza. Mjomba alikuwa anaandika 231, mimi 114, na king'amuzi kikizipokea kwa jinsi zilivyowasili: 2 yake, 1 yangu, 1 yangu. Chaneli 211, katuni za watoto. Kisha 4 yangu, 3 yake, 1 yake. Chaneli 431, mwanamume amevua shati anauza mashine ya kupunguza tumbo. Sote wawili, kila mmoja na bara lake, tukabaki tunalitazama tumbo lile kwa muda.

Nikawaandikia waliokitengeneza. Wakajibu kwa adabu sana: kizime, subiri kidogo, kiwashe. Nikampigia mama mapema kabla hajalala, nikamwomba achomoe kile chenye taa ya kijani, ahesabu mpaka thelathini, akirudishe. Mama akachomoa cha kwanza alichokiona, ambacho kilikuwa king'amuzi, timu ya mjomba ikiwa inajiandaa kupiga kona.

Na mama, kwa kweli, ndiye peke yake aliyesikia malalamiko ya pande zote mbili. Mjomba alimlalamikia chai ikiwa mezani, mimi nikamlalamikia kwa simu. Hakuyaunganisha hata mara moja. Kwake yeye, mtoto aliye mbali hawezi kugusa kitu kilicho sebuleni, ndiyo maana ya kuwa mbali.

Mjomba akafanya uchunguzi wake. Dirisha la sebule linatazamana na dirisha la jirani, mwalimu mstaafu, mpole, mtu wa kusalimia mpaka kuku. Mwalimu ana king'amuzi cha aina ile ile. Rimoti ni ile ile. Mwanga wa rimoti unapita kwenye kioo cha dirisha. Ukimsikiliza mjomba, huwezi kumlaumu. Mahakama yoyote ingemtia Mwalimu hatiani.

Akafunga pazia. Chaneli ikabadilika. Akabandika magazeti kwenye vioo. Ikabadilika. Mwishowe akachechemea mpaka kwenye ua na kumwita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Mwalimu! Kama tamthilia unaitaka, si uangalie kwako?"

Mwalimu akatoka na taulo mabegani. Akasema yeye haangalii tamthilia, anaangalia taarifa ya habari na kulala. Mjomba akasema hivyo ndivyo angesema mtu anayeangalia tamthilia. Maneno yakawa marefu, watu wakatoka, na Mwalimu, kwa kulinda heshima yake, akatangaza kwamba kesho atakuja kukaa sebuleni kwetu, mikono juu, ili kila mtu aone.

Akaja kweli. Mama alinisimulia baadaye, akijizuia kucheka. Mwalimu amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule, viganja wazi juu ya magoti, hana rimoti, hana simu, amevua hata saa ya mkononi. Mjomba ameishika rimoti yake kwa mikono miwili. Majirani wengine wamejaa mlangoni. Ilipotimia saa tatu na dakika moja, mimi huku nikaketi kwenye ngazi zangu, nikabonyeza 114.

Mwalimu akainuka, akamshukuru Mungu kwa sauti na kuomba aombwe radhi. Mjomba akamwambia akae kwanza, huenda ana mwenzake.

Kesho yake mjomba akabadili mbinu: kama mwanga ndio unaoingia, mwanga uzuiwe. Akachukua taulo nene, akalikunja mara mbili, akakifunika kile king'amuzi chote, mbele na nyuma. Sasa kumbuka kitaa changu kilikuwa kimebandikwa kwenye jicho la king'amuzi, chini ya taulo. Rimoti ya mjomba ikafa papo hapo. Yangu ikawa haina mpinzani. Usiku ule niliona kipindi kizima, bila namba ngeni, bila kuruka, mpaka majina ya waigizaji yalipomalizika kupita. Nikawaandikia tena waliokitengeneza, nikawashukuru kwa ushauri.

Simu ya mjomba ilikuja siku ya mapumziko, simu ya video, uso wake umejaa kioo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Wewe uko huko kwenye wataalamu. Hebu nisaidie. Kuna mtu anaingilia tivii ya mama yako."

Akanieleza yote: pazia, magazeti, Mwalimu, taulo. Nilimsikiliza kwa huruma ya dhati, tena nikakasirika kwa niaba yake. Nikamwambia kuna kipimo rahisi. Mwanga wa rimoti macho hayauoni, ila kamera nyingi za simu, hasa ya mbele, huuona. Hutokea kama kimulimuli cha zambarau. Aondoe taulo, ageuze simu kuelekea king'amuzi, tuone mwanga unatokea wapi.

Akaondoa taulo. Akageuza simu. Nikaiona sebule ya mama baada ya muda mrefu: kitambaa cha mezani, ua la plastiki, king'amuzi. Kompyuta yangu ilikuwa wazi pembeni, na marudio ya tamthilia yalikuwa yanaanza. Mkono una mazoea yake. Nikabonyeza 114.

Chini ya kipande cha gundi, mbele kabisa ya jicho la king'amuzi, kimulimuli cha zambarau kikapepesa. Kikatulia. Kikapepesa. Kikatulia. Kikapepesa.

"Umeona!" mjomba akapiga kelele. "Umeona mwenyewe! Kanakaa humo humo ndani!"

Nikabonyeza tena, polepole, ili niwe na uhakika. Kikapepesa.

"Mjomba," nikasema, "mama yuko karibu?"

Mama akaja, akavaa miwani, akainama. Akaufuata ule waya kwa kidole, nyuma ya meza, mpaka kwenye kisanduku chenye taa ya kijani. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa ile sauti ambayo mtoto wa umri wowote huitambua, "Hiki si kile ulichoniambia nisikiguse?"

Mjomba aliangalia kisanduku, akaniangalia mimi, akaangalia dirisha lililojaa magazeti. Nilijiandaa kwa matusi. Badala yake akauliza kwa upole wa kutisha, "Kwa hiyo ukiwa huko, unaweza kubadilisha chaneli ya hapa?"

"Ndiyo, mjomba."

"Bila mtu wa hapa kuinuka?"

"Ndiyo."

Nilipaswa kusikia hatari kwenye swali lile. Mwalimu aliombwa radhi kwa heshima zote, na siku hizi yuko sebuleni kila jioni kwa hiari yake. Mama anasema tamthilia imemkolea kuliko sisi sote. Ratiba ikapangwa, saa tatu mpaka saa nne ni yangu na Mwalimu. Ila goti la mjomba halijapona. Betri za rimoti zilikwisha zamani na hakuna aliyezinunua, maana zinunuliwe za nini wakati mpwa yupo? Simu inaita nikiwa kwenye foleni, nikiwa kwa daktari wa meno, nikiwa kwenye kikao na bosi anaeleza mapato ya robo mwaka.

"Mpwa, weka 231."

Natoka nje ya mlango, naweka 231.

"Umefanya vizuri. Sasa punguza sauti, mama yako kalala."

"Sauti siwezi, mjomba. Sauti ni ya tivii yenyewe, waya wangu uko kwenye king'amuzi tu."

Akavuta pumzi ndefu, nikamsikia akimgeukia Mwalimu. "Hawa watoto tunawapeleka ng'ambo kusoma nini?"